Wiki za chapati za jana

Jioni ile taa za barabara ya Nakulabye, hapa Kampala, zilikuwa zimeshawaka, na moshi wa sigiri umetanda mpaka getini kwa hosteli yetu. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya chapati, nyuma ya kijana mmoja tunayejuana kwa sura na kwa salamu. Zamu yake ilipofika hakuagiza kwa sauti kama tunavyoagiza sote. Aliinama karibu na chuma cha kukaangia, akauliza polepole, "Kaka, za jana zimebaki?"

Mkaanga chapati hakumtazama usoni. Alifunua ndoo alimohifadhi chapati za siku iliyotangulia, akatoa mbili, akazipasha moto. Kisha akachukua moja ya leo, ingali inatoa mvuke, akaikunja katikati ya zile mbili. Akapokea sarafu zilizokuwa tayari mkononi mwa yule kijana, akazitia koponi bila kuzihesabu.

Kijana akaificha kaveera, ule mfuko wa plastiki wenye chapati, ndani ya begi la kompyuta kabla hajavuka barabara.

Nikaagiza rolex yangu, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili. Sikuimaliza.

Sitaeleza yule kijana anasoma nini wala kwao ni wapi, kwa sababu hajaniruhusu na mimi sijamwomba. Naweza kusema tu kwamba ni mtu ambaye wenzake humfuata maktaba awaelekeze kabla ya majaribio. Shati lake huwa limepigwa pasi. Hucheka kwa urahisi. Ukikutana naye asubuhi kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara, huoni chochote usoni mwake cha kukuambia jana usiku alikula nini, au kama alikula.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani wiki hizi zote. Si chapati zenyewe. Chapati ya jana iliyopashwa moto ni chakula kizuri, nyumbani tumekua nayo. Ni ile sauti ya chini. Ni kuona kwamba yeye ameshajua namna ya kuuliza, na muuzaji ameshajua namna ya kujibu, na wawili hao wana utaratibu ambao sisi wengine kwenye foleni hatuujui.

Utaratibu haujengwi siku moja.

## Mtu anayeijua kalenda

Kaka wa chapati ni Msoga. Kiswahili alikiokota Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, alikokuwa akiwapikia madereva wa malori enzi za ujana wake, na mimi nimetoka Busia, mpakani vilevile, kwa hiyo tangu mwaka wangu wa kwanza tumekuwa tukisalimiana kama watu wa njia moja. (Husemwa kwamba rolex ilizaliwa Wandegeya, mikononi mwa vijana wa Busoga waliokuwa wakiwauzia wanafunzi. Sioni sababu ya kubisha.)

Nilimwendea mchana mmoja, wakati wateja ni wachache na yeye anakanda unga. Nikamuuliza kama wanaoomba za jana ni wengi.

"Dada, hiyo inategemea wiki," akasema.

Nikadhani anakwepa. Lakini alikuwa ananijibu hasa. Mwanzoni mwa muhula, akaniambia, chapati zinazobaki huzipeleka kwa watoto wake, maana hakuna mwanafunzi anayeziulizia. Muhula ukifika katikati, mmoja mmoja huanza kuja, kwa kawaida usiku, foleni ikiwa fupi. Mitihani ikikaribia, wanakuwa wengi.

"Wiki za mitihani," akasema, "za jana huisha kabla ya za leo."

Ana daftari la madeni. Haandiki majina, kwa sababu daftari hukaa juu ya meza na kila mtu anaweza kulisoma. Huandika namba za vyumba, na baadhi ya namba amezibadilisha makusudi kwa namna anayoijua mwenyewe. Sikumuuliza kwa nini. Mtu anayekaanga chapati kando ya barabara ameona haja ya kuwalinda watu wazima wanaosomea shahada dhidi ya macho ya wenzao.

Nilirudi chumbani nikiwa na swali ambalo sikuwa nalo kabla. Kama njaa ya chuoni ingekuwa suala la uzembe, la vijana wanaomaliza pesa kwa starehe mwanzoni mwa muhula kama wazazi wengi wanavyoamini, ingekuja kila mtu kwa wakati wake. Inakuwaje inawajia watu wasiojuana, kutoka wilaya tofauti, katika wiki zilezile?

## Mitihani mkesha wa mavuno

Nasoma uchumi wa kilimo. Kuna mhadhara ambao kila mwanafunzi wa fani yetu huupitia, mhadhiri anapochora ubaoni bei ya mahindi ikipanda na kushuka ndani ya mwaka. Nilishanakili mchoro ule na kuujibia maswali. Safari hii nilifungua daftari nikauweka kando ya kalenda ya chuo.

Upande wetu wa mashariki, kama sehemu kubwa ya nchi isipokuwa kaskazini, tuna misimu miwili. Tunapanda Machi mvua zikianza, tunavuna kufikia Julai. Tunapanda tena Agosti na Septemba, tunavuna Desemba na Januari. Sasa tazama muhula. Wa kwanza unafunguliwa Agosti, na mitihani yake iko mwisho wa Novemba na Desemba. Wa pili unafunguliwa Januari au Februari, na mitihani iko Mei, pengine hadi Juni.

Mitihani yote miwili huangukia mkesha wa mavuno.

Maana yake ni hii. Muhula unapoanza, baba amevuna, na jirani amevuna, na wilaya nzima imevuna, na kila mmoja anatafuta karo wakati mmoja. Mfanyabiashara wa mahindi anajua hivyo. Bei iko chini kabisa, lakini huwezi kungoja ipande kwa sababu mtoto anatakiwa kujisajili. Unauza magunia mengi kwa pesa kidogo. Miezi mitatu baadaye ghala ni tupu, bei imepanda, na wewe huna cha kuuza. Mwanao aliyeko Kampala anasoma kwa ajili ya mtihani huku ananunua dukani unga wa mahindi yaleyale kwa bei ya juu.

Nilikaa na kurasa zile mbili muda mrefu.

Na mahindi si peke yake. Shule za msingi na sekondari zina mihula mitatu. Hufunguliwa Februari, mwisho wa Mei, na Septemba. Kwetu nina wadogo zangu. Septemba, wiki chache tu baada ya mimi kuondoka nyumbani na pesa zangu za muhula, wao nao wanatakiwa shuleni. Februari vivyo hivyo. Mwanafunzi wa chuo ndiye mtu mzima katika orodha hiyo. Ndiye anayeambiwa, "Mwanangu, wewe unaelewa, vumilia kidogo." Na kweli unaelewa. Unaelewa vizuri mno, ndiyo maana hupigi tena simu.

Wakati mwingine hata mpango wa mzazi mwenye busara huvunjwa na jambo lililo mbali naye. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Nilikuwa bado sekondari. Nakumbuka malori yamepangana mpakani, na watu wazima wamesimama makundi makundi bila la kufanya. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti, lakini aliyekuwa na haja ya pesa siku zile alikuwa ameshauza kwa bei aliyopewa.

Kisha kuna kadi.

Katika vyuo vingi nchini huingii kwenye chumba cha mtihani kabla hujamaliza karo. Kadi ya mtihani hutolewa ukishalipa hadi senti ya mwisho. Kwa hiyo katikati ya muhula hutokea uamuzi ambao hauandikwi popote: zile pesa zilizobaki mkononi, za chakula, zinaongezwa kwenye karo. Sijakutana na mtu aliyechagua kula akaacha kadi. Baba akituma shilingi 50,000, ukiondoa gharama za kutoa na kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa tangu 2018 kila unapotoa pesa kwenye simu, kinachobaki kinaelekea benki.

Kaka wa chapati hajawahi kuona kalenda ya chuo. Anaisoma kwenye ndoo yake.

## Mzaha wa kikomando

Nilipojaribu kulisema jambo hili kwa wenzangu, jibu la kwanza lilikuwa kicheko. Si kicheko kibaya. Ni kile tunachochekea hadithi za kikomando, yaani chapati na maharagwe, za mayai yaliyochemshwa ndani ya birika la umeme tunaloliita pakoleta, za mtu aliyehudhuria ibada za makanisa mawili Jumapili moja kwa sababu yote mawili yalikuwa na chai. Msimu wa uchaguzi wa gild, serikali ya wanafunzi, kila mtu anajua mgombea yupi ana chakula. Kila mmoja wetu ana hadithi. Waliokwisha hitimu wanazo nyingi zaidi, na huzisimulia wakiwa wameshika sahani iliyojaa.

"Sisi tulikula kikomando na tukafika," wanasema.

Nimeanza kuiogopa sentensi hiyo. Anayeisema ni yule aliyefika. Aliyekaa wiki za mwisho akijibu maswali ya takwimu huku macho yanaona giza, akafeli, akarudia somo, akaongezewa karo ya kurudia, akaacha chuo, hayupo kwenye meza ya kusimulia. Na mzaha wetu una kiwango chake cha chini, ambacho ni kikomando. Una nafasi ya mwenye chapati na maharagwe. Aliye chini ya hapo hana hadithi ya kuchekesha, kwa hiyo hunyamaza, akacheka za wenzake.

Wazee wetu wana methali, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Nimeisikia tangu utotoni na niliiamini. Hosteli imenitia shaka. Katika veranda yetu aliyeshiba Agosti ndiye mwenye njaa Novemba. Ni mtu yuleyule. Anamjua mwenye njaa vizuri sana, anajua hata saa anazokwenda kunywa maji ili tumbo linyamaze wengine wakila. Naona tunajuana mno, na kila mmoja anamfanyia mwenzake adabu ya kutomwona.

## Meza ya wachache

Baba mdogo alisoma Makerere miaka ya themanini. Nilimpigia simu. Akaniambia kwamba walikula asubuhi, mchana na jioni katika kumbi za mabweni, na juu ya hayo serikali ikawapa pesa za matumizi walizoziita bumu. Aliniambia pia jinsi zilivyokoma. Posho zilipoondolewa wanafunzi waligoma, na Desemba 1990 polisi waliwapiga risasi wanafunzi wawili pale chuoni wakafa. Kuanzia 1992 mlango ukafunguliwa kwa wanaojilipia wenyewe, na sasa wao ndio wengi. Serikali inawalipia takriban wanafunzi 4,000 wapya kwa mwaka katika nchi nzima.

Nilitegemea simu ile inipe hasira safi. Haikunipa. Nilimuuliza katika kumbi zile walikuwa wangapi kutoka kijijini kwetu. Akafikiri. Alikuwa yeye, na mwingine mmoja aliyemtangulia. Wasichana? Hakuna. Meza ile ilikuwa na chakula kwa sababu waliokaa walikuwa wachache, na mimi nisingekuwa mmoja wao. Kwa hiyo sitaki kuililia enzi ya baba mdogo. Mlango uliofunguliwa 1992 ndio nilioingilia.

Lakini waliofungua mlango walihesabu viti na karo, chakula wakakiacha nje ya hesabu. Na hata baadaye, ilipokuja fursa ya kukirudisha, kiliachwa tena. Mikopo ya wanafunzi iliyoanza 2014 hulipa karo, ada za chuo, gharama za utafiti na vifaa vya wenye ulemavu. Chakula na malazi havimo. Kwa majirani zetu wa Tanzania mkopo wa elimu ya juu una fungu la chakula na malazi, na wanafunzi huko bado huliita bumu. Wenzetu wa Kenya nao hupata kitu cha kujikimu. Siwezi kusema wanaishi raha. Wana vilio vyao, nawasikia verandani. Nasema tu kwamba mahali fulani mtu alikaa mezani akaandika neno chakula katika hesabu ya masomo, na kwetu halikuandikwa.

Nadhani tulizoea mapema. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza 1997 chakula kiliachwa kwa wazazi, na sheria ya elimu ya 2008 ikalitamka wazi kuwa jukumu la mzazi. Kizazi chetu chote kilikua kikijua kwamba shule ni ya serikali na tumbo ni la nyumbani. Mtu aliyekulia humo, akifika chuo kikuu na tumbo tupu, hamlaumu yeyote. Hujiona yeye ndiye aliyeshindwa kujipanga.

## "Nilishakula, yaya"

Mwenzangu wa chumba ametoka Goma. Huniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu nimemzidi umri. Katika veranda yetu Kiswahili kina sura nyingi, cha Kisumu, cha Koboko, cha Busia, cha Kivu, na chake huniburudisha kuliko vyote. Mwishoni mwa Januari mwaka 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wao. Benki zikafungwa. Baba yake ni mfanyabiashara mdogo, na pesa zilizokuwa zikimfikia kila mwezi zikawa zinapita kwa mkono wa mtu, kupitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, zikifika zikiwa zimepungua, au zisifike.

Nalitaja hili kwa sababu lilivuruga nadharia yangu. Nilikuwa nimejivunia ugunduzi wa misimu na mitihani, nikamweleza jioni moja, na mchoro nikamwonyesha. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwao hakuna aliyeuza mahindi. Kalenda yake ilikatwa siku moja, na bunduki.

Ikanibidi nikubali kwamba mavuno yanaeleza wengi na hayaelezi wote. Yuko yatima anayesomeshwa na mjomba, na mjomba amefukuzwa kazi. Yuko anayetuma pesa nyumbani badala ya kutumiwa. Mchoro wa mhadhiri hauwaoni. Kadi ya mtihani, hata hivyo, huwakuta wote mahali pamoja, na ndiyo sababu wote wanatokea kwenye ndoo ileile katika wiki zilezile.

Muhula mzima nilikuwa nikimuuliza kama amekula, naye akinijibu, "Nilishakula, yaya." Usiku ule, kwa kuwa tulikuwa tumeanza kuzungumza, aliniambia jambo ambalo tangu hapo limeongoza kila kitu tulichofanya.

"Usiniulize kama nimekula. Niite tupike."

Nikamwomba anifafanulie. Akasema swali la kwanza lina majibu mawili na yote yanaumiza. Akisema hajala, ameomba. Akisema amekula, analala njaa. Lakini mtu akiitwa kumenya vitunguu hakuna aliyemwomba mwenzake kitu. Anaingia akiwa na kisu mkononi, na anayepika hula.

Kwao Goma, akaongeza, mama yake hakuwahi kumuuliza jirani kama ana njaa. Alimtuma mtoto akamwazime chumvi, na alipoirudisha aliirudisha na sahani.

## Chungu cha veranda

Tulianza baada ya mazungumzo hayo, sisi wa ghorofa ya chini. Kastodiani, msimamizi wa hosteli, hataki makaa ndani ya vyumba, na ana haki, lakini verandani anaturuhusu hadi saa tatu usiku. Sufuria moja kubwa. Posho, yaani ugali, na maharagwe siku nyingi, mukene, dagaa wetu, siku za bahati, sukumawiki au mchicha tunaouita dodo kila inapowezekana. Tulinunua soko la Kalerwe alfajiri, malori yakiwa bado yanashusha, kwa sababu bei ya pale na ya duka la jirani ni vitu viwili tofauti. Maharagwe ya nambale yakiloweshwa tangu asubuhi huokoa makaa mengi. Mambo haya tulifundishwa na mama mmoja anayeuza nyanya pale sokoni, aliyetuona tukihangaika na bei akatuita pembeni.

Mapishi yalikuwa rahisi. Ugomvi ulikuwa juu ya mchango.

Kila mmoja alitoa alichoweza, na wiki za mwanzo hilo lilitosha. Wiki za kadi zilipofika, wapo waliokuwa hawana hata shilingi. Mmoja wetu akapendekeza asiye na pesa achote maji, aoshe sufuria, awashe moto. Ilionekana haki. Dada wa Kisumu akaipinga kwa nguvu. Akasema baada ya wiki mbili tutakuwa tumejitengenezea watumishi, na kila anayepita getini atajua kwa kuangalia nani anaosha. Alikuwa anasema kweli. Lakini mwenzangu wa Goma, ambaye ndiye aliyekuwa bila pesa, akasema yeye anataka kuosha. Asiposhika kitu chakula hakishuki kooni.

Wawili hao walibishana usiku mzima, na kila mmoja alinishawishi.

Tulichokubaliana ni zamu kwa wote, mwenye pesa na asiye nazo, na mchango uingizwe kwenye bahasha chumbani kwa mtu mmoja asiyesema. Imefanya kazi, si kikamilifu. Kuna aliyeacha kuja bila kueleza. Nilimfuata mara moja, akanipokea kwa upole, akaniambia amebanwa na masomo. Sikumsukuma. Najua kuna mtu ambaye hata bahasha iliyofungwa inamtazama.

Shaka nyingine ni kubwa zaidi na ni ya dada yuleyule wa Kisumu. "Chungu hiki kikifaulu," alisema, "watasema hakuna tatizo." Nimeigeuza sentensi hiyo mara nyingi. Upo ukarimu unaomsaidia mwenye wajibu asiuone wajibu wake. Sisi tunapika, kadi inabaki kama ilivyo, mkopo unabaki bila fungu la chakula, na mwaka kesho mtu anasimulia jinsi wanafunzi wa Nakulabye walivyo hodari.

Kwa hiyo tukaandika barua.

Kwa mwakilishi wetu wa gild tumeomba jambo moja lisilohitaji bajeti: mwanafunzi aliyelipa sehemu kubwa ya karo aruhusiwe kukaa mtihani, na kilichobaki kidaiwe baadaye. Chuo hakitapoteza. Kina dhamana nzito kuliko kadi, maana matokeo rasmi na cheti hukaa mikononi mwake mpaka deni liishe, na hakuna mhitimu anayeweza kwenda kazini bila hivyo. Wiki sita tu za subira zingetosha kumvusha mkulima kutoka mtihani wa Mei hadi mavuno ya Julai. Mahindi yangeuzwa yakiwa yamekauka vizuri, na pesa za chakula zingebaki kuwa za chakula. Yatima na wa Goma nao wangepumua, maana kwao muda ni pesa kama kwa mwingine yeyote.

Mwakilishi alisoma barua mbele yetu. Aliuliza maswali mazuri, hasa kuhusu wanaotoweka bila kulipa. Tukamwambia ndiyo maana tumesema sehemu kubwa, si nusu. Aliahidi kuifikisha kabla ya kalenda mpya kupitishwa. Tutamkumbusha.

Upande wetu, tumekubaliana kununua maharagwe Julai, gunia zima, bei ikiwa chini na kabla pesa ya yeyote haijaanza kuvutwa na karo. Litakaa chumbani kwetu. Unga tutaununua kidogo kidogo kwa sababu huharibika. Kilichobaki ni lile swali la nani aoshe na kwa nini, na tutakaa kulijadili Agosti wote wakisharudi, pamoja na yule aliyeacha kuja, kama atakubali. Dada wa Kisumu hajabadili msimamo. Mwenzangu wa Goma naye hajabadili. Mimi bado sijui niwe upande gani.